Kusubiri ajira, ufundi, shamba au boda? Ulinganisho kwa aliyemaliza chuo, yuko Mbeya, Iringa au Njombe, na kazi hakuna

Swali hili linarudi kila mwaka vyuo vikifunga. MUST, TEKU, Mzumbe ya hapa, TIA, ukijumlisha na wanaoshuka stendi na begi na godoro kutoka Dodoma na Dar, mtu anauliza nifanye nini, nisubiri ajira, niende VETA kusoma ufundi, nikalime au nichukue boda, na majibu anayopewa ni yale yale, mwenye shamba anamwambia kalime, mwenye boda anamwambia kaendeshe, mjomba aliyeko halmashauri anamwambia vumilia mwanangu nafasi zitatangazwa. Kila mtu anasifia alipopita yeye. Hakuna anayemuuliza kwanza, kazi umeikosa kwa sababu gani?

Maana kukosa ajira ni kama homa, malaria inakuchemsha mwili na taifodi inakuchemsha mwili, ila ukimeza dawa ya moja kutibu nyingine utaendelea kutetemeka tu.

Kuna ukosefu wa ajira wa mpito. Kazi za aina yako zipo, ila bado hamjakutana, umetoka sehemu moja hujaingia nyingine. Huu mara nyingi ni wa miezi, ukiomba kwa akili unaisha.

Kuna wa kimuundo, na huu ndio umejaa mtaani. Ulichosomea na kinachotafutwa haviendani, au kinatafutwa mbali na ulipo. Mfano wa wazi ni walimu. Wa hesabu na fizikia wanatafutwa mpaka leo, wa historia, jiografia na Kiswahili wamejaa kuliko nafasi, na wote wawili wana digrii ya ualimu ile ile. Huyu wa historia akingoja nafasi nyingi ziletwe atangoja sana, kwasababu kila mwaka vyuo vinaongeza wengine nyuma yake.

Kuna wa msimu, wa Mbarali na Mufindi wanaujua, mpunga ukivunwa vibarua vinaisha, chai ikipungua kwenye kiangazi na baridi watu wanarudi nyumbani kukaa. Kuna wa mzunguko wa uchumi, pale biashara zinapopoa kila mahali watu wanapunguzwa bila kosa lao, kama 2020 wakati wa korona hoteli na utalii vilipokufa ganzi. Na karibu na huo kuna wa pigo la ghafla, mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada, miradi mingi ya UKIMWI ilitikisika, na huku kwetu Njombe, Iringa na Mbeya ndiko maambukizi yako juu na ndiko miradi ilikuwa mingi, watu wenye sivii nzito na uzoefu wa miaka wakajikuta nyumbani.

Alafu kuna uliojificha. Heka moja ya familia, watu sita wanaamka wote wanakwenda na majembe, kazi yenyewe ya watu wawili. Ukiwauliza wote wanafanya kazi. Ukiwatoa wanne mavuno hayapungui hata debe.

Neno kidogo kuhusu takwimu

Kuna watu zinawachanganya. Utafiti wa nguvu kazi wa 2020/21 ulikuta ukosefu wa ajira Tanzania ni karibu asilimia 9, ule wa 2014 ulikuwa juu ya 10, na wewe ukipita kijiweni Mwanjelwa unaona nusu ya vijana wamekaa, unasema hawa wamehesabu wapi. Hawajadanganya. Wanachukua watu wa miaka 15 na kuendelea, wanawatoa wasio na kazi na wasioitaka, kama wanafunzi na wazee waliopumzika, wanaobaki ndio nguvu kazi, alafu wasio na kazi wanagawanywa kwa nguvu kazi mara mia. Na kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, ILO, mtu aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja ndani ya wiki inayoulizwa anahesabiwa ana ajira. Saa moja! Kwahiyo umepiga deiwaka Jumamosi, yani umeshika boda ya mwenzako kwa siku moja, umepakia abiria watatu Kabwe mpaka Soweto, we una ajira bwana.

Chukua mtaa wa watu wazima 100. Thelathini wako nje ya nguvu kazi, wanabaki 70, wasio na kazi 7, hiyo ni asilimia 10. Sasa wawili kati ya wale saba wachoke kutafuta, waache kabisa. Kwa kipimo kikali cha ILO wanatoka kwenye hesabu, inakuwa 5 kwa 68, asilimia 7 na kitu, mtaa umeendelea kwenye karatasi na hakuna hata mmoja aliyepata kazi. Ndio maana NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wana tafsiri ya kitaifa inayowaingiza na walio tayari kufanya kazi hata kama hawakutafuta, na ndio maana ni vizuri kuangalia pia ajira pungufu, yani wenye kazi ya masaa machache wanaotaka zaidi. Nimeyasema haya kwa sababu ukichagua njia kwa kuangalia tu "nitakuwa na kazi" utajidanganya, karibu kila njia hapa chini inakupa kazi kwa maana ya ILO.

Vigezo

Kote nitaangalia mambo matano: hela ya kuanzia, mda mpaka ushike shilingi ya kwanza, uhakika wa hela mwezi hadi mwezi, ni ukosefu gani wa ajira njia hiyo inautibu, na ukitaka kutoka unatoka na nini mkononi. Hicho cha mwisho watu wanakiruka, mimi ndicho nakipa uzito kuliko vyote.

1. Kusubiri na kuomba (Ajira Portal, yani mtandao wa kuombea kazi za serikali, na kujitolea)

Hela ya kuanzia ni ndogo ila haiishi. Bando, kuprinti, kugongesha muhuri vyeti kwa wakili, nauli ya usaili. Kaa steshenari yoyote ya karibu na chuo wiki nafasi zimetangazwa uone, foleni mpaka nje, kijana wa kompyuta anaingiza namba ya NIDA ya mtu, jina linakuja Anna, cheti cha fomu foo kinasema Ana, kazi imesimama hapo, mtu anaanza kutafuta kiapo na siku zimebaki mbili. Mambo ya majina malizeni mapema kabla hata tangazo halijatoka, hili halina gharama kubwa na linawaangusha wengi.

Mda mpaka hela ya kwanza hakuna anayeujua. Angalia TRA, Mamlaka ya Mapato, 2025, nafasi 1,596, walioomba zaidi ya laki moja na thelathini elfu, piga mwenyewe, ni zaidi ya watu 80 kwa kiti kimoja. Wengi wa hao 80 wana sifa, kwahiyo kukosa hapo sio kwamba wewe ni mbumbumbu.

Ukipata sasa, kwa uhakika wa hela hakuna njia nyingine inayoifikia hii. Kima cha chini serikalini kilipanda mpaka 500,000 kuanzia Julai 2025, mwenye digrii anaanza juu ya hapo, bima ipo, mkopo benki upo. Bodi ya mikopo ya wanafunzi wanakata asilimia 15 ya mshahara, lakini hata ukiwa umejiajiri wanakutaka, si chini ya laki kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, baada ya ile miezi 24 tangu umalize. Kwahiyo deni halikimbiwi kwa kukaa mtaani.

Inatibu wa mpito, vizuri kabisa. Wa kimuundo haitibu, labda ukibahatika. Na kutoka unatoka na nini? Hapa ndio shida. Aliyekaa miaka minne anasubiri tu anakuja kuulizwa kwenye usaili "2021 mpaka leo ulikuwa unafanya nini" anabaki anaangalia dari. Ujuzi unafubaa, programu zimebadilika, na mwajiri akiona pengo refu anaogopa. Kujitolea kunapunguza hili, muuguzi anayejitolea kituo cha afya mkono wake haufi, na barua ya mganga mfawidhi ina maana. Ila kujitolea nako kuwe na mwisho, kuna taasisi zimezoea watu wa bure, mtu anajitolea miaka anabaki anaitwa "kijana wetu".

Inamfaa mwenye fani inayotafutwa, mwenye pa kulala na kula bila kero, na aliye na umri bado, maana matangazo mengi ya sekretarieti ya ajira yanataka usizidi miaka 45.

2. Ufundi

Vyuo vya VETA viko Mbeya, Iringa na mpaka Makete, na ada za serikali sio za kutisha, kinachokula hela ni vifaa, sare na chakula. Njia ya pili ni kuingia gereji kama spana boi, hiyo hulipi, unalipa kwa kutumwa maji na kuosha vyuma mpaka fundi akuone wa maana. Mtu aliyejifunza mtaani anaweza kupimwa na VETA akapewa cheti, ule mpango wa kurasimisha ujuzi, wengi hawaujui.

Shilingi ya kwanza kwenye kozi fupi ni baada ya miezi, kozi ndefu miaka miwili mitatu. Gerejini unaweza kupata ya soda wiki ya kwanza, ya kujitegemea ni mbali.

Uhakika ni wa kati. Wateja wapo huku kwetu kuliko mikoa mingi: barabara ya Tunduma malori hayakatiki usiku na mchana, Chunya wanataka wachomeleaji na mafundi pampu wa machimbo, Mafinga viwanda vya mbao vinataka watu wa mashine, nyumba zinajengwa Uyole mpaka Mbalizi na zote zinataka umeme na bomba. Ila mwezi wa mvua ujenzi unalala, na mteja wa Kitanzania akikwambia "nitakutoa mwisho wa mwezi" ujue umeshaingia kwenye kukopesha.

Hii inatibu wa kimuundo moja kwa moja, unabadili kile unachouza. Na ukitoka unatoka na mkono, hata ukihamia Songea au Lubumbashi unaenda nao. Kinachowazuia wenye digrii ni aibu tu, "nimesoma miaka mitatu nikawe spana boi?", mimi naona fundi mwenye digrii ya uhasibu anayejua kuandika ankara na kusoma mkataba wa tenda anawazidi mafundi kumi wa mtaa ule. Lakini kama vitu vya mikono huvipendi, usijilazimishe, fundi asiyependa kazi anaharibu mali za watu.

3. Shamba

Hapa ndipo watu wanadanganyana zaidi, na ndipo Nyanda za Juu Kusini zina utajiri kweli, kwahiyo nitakaa kidogo.

"Shamba" sio njia moja. Viazi vya Isongole, Umalila au Njombe ni miezi mitatu hadi minne, mpunga wa Mbarali unaingia mwezi wa 12 au wa kwanza unavuna wa tano wa sita, parachichi za Hass ni miche iliyobebeshwa na subira ya miaka kama mitatu kabla hujaona mavuno ya kueleweka. Hizo ni biashara tatu tofauti na mitaji mitatu tofauti.

Hela ya kuanzia kwenye viazi inakushangaza: kukodi heka, mbegu ambayo ndiyo ghali kuliko vyote, mbolea hata ikiwa ya ruzuku, vibarua, alafu dawa ya ukungu, na ukungu huku kwenye baridi hauna huruma, mvua ikinyesha wiki mfululizo usipopiga dawa unaamka shamba limegeuka jeusi. Mpunga una gharama za maji na kupandikiza, na Mbarali kuna jambo la ziada, usikodi eneo bila kuuliza wenyeji liko upande gani wa mpaka wa hifadhi, ule mgogoro wa GN 28 ya 2008, tangazo la serikali lililochora mpaka wa hifadhi, uliwasumbua watu miaka na miaka. Parachichi inakula hela taratibu lakini wakati inakula wewe unakula nini? Hilo ndilo swali la kijana asiye na kipato kingine.

Uhakika wa hela ni mdogo mwezi hadi mwezi, mkubwa kwa mwaka ukifanya vizuri. Na kinachomuua mkulima mara nyingi ni soko kuliko shamba. Simama barabarani Isongole siku ya kupakia uone lumbesa kwa macho yako: gunia limejaa mpaka mdomo, juu yake linashonewa kilemba cha wavu, viazi vinaendelea kupangwa kimoja kimoja mpaka kilemba kinakuwa na urefu wa mkono, linabebwa na wanaume wawili linahesabiwa gunia moja, na bei mliyopatana ilikuwa ya gunia. Sheria ya vipimo ipo, mizani inahubiriwa kila mwaka, ila dalali akikwambia "usipofunga hivi gari linaenda kwa jirani" na viazi vimeshachimbwa viko juani, utafanyaje. Kwahiyo hesabu zako za daftarini zikisema gunia 60, fanya kama una 40.

Inatibu ukosefu gani? Wa pigo na wa mzunguko inausaidia, watu wanakula hata uchumi ukiyumba. Wa msimu inauzalisha yenyewe, una kazi miezi mitano alafu umekaa, labda uwe na eneo la umwagiliaji upande mboga. Na kama unarudi kwenye heka ya baba ambayo kaka zako wanne tayari wanailima, hapo umeingia kwenye uliojificha, umeongeza mdomo tu. Kurudi shamba kuna maana kama unaleta kitu ambacho hakikuwepo, mtaji, maji, mbegu bora, soko, au hata kuwa mtu wa kutafuta wanunuzi kwa niaba ya wakulima wa kijiji.

Kutoka: viazi unatoka kila baada ya msimu, hasara au faida. Parachichi hutoki, umejifunga na ardhi, ila miti ikishika una mali ya kurithisha.

Inamfaa mwenye ardhi ya ukoo ambayo haina msongamano, au mwenye kazi nyingine ya kumlisha. Haimfai mwenye laki tano ya mkopo yenye marejesho ya kila wiki. Shamba halijui wiki. Kama ni mkopo tafuta ule wa halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, mafungu 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, hauna riba, ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024, shida yake ni lazima kikundi, na vikundi mnajua wenyewe, wenye moyo wawili wengine wanasubiri mgao.

4. Boda, bajaji na biashara ndogo

Hela ya kuanzia inaweza kuwa sifuri ukipata boda ya hesabu, unampelekea tajiri kiasi mlichokubaliana kila siku, kinachobaki chako. Ya mkataba hesabu inakuwa juu kidogo ila mwisho chombo chako, na matengenezo yako. Biashara ya kutandika Mwanjelwa, Sido au kuleta mzigo kutoka Tunduma inataka mtaji na jicho.

Shilingi ya kwanza ni leo leo, hakuna njia inayoishinda hapa. Uhakika ni wa siku kwa siku, mvua ikinyesha kutwa au ukiugua hesabu bado inadaiwa. Na hatari usiichukulie poa, miteremko ya Iwambi na Mbalizi na yale malori tunaijua wote, leseni na kofia ngumu sio kwa ajili ya trafiki.

Inatibu njaa ya sasa, na inafaa kama daraja wakati uko kwenye ukosefu wa mpito. Ila ndiyo njia inayokutoa kwenye takwimu haraka kuliko kukutoa kwenye shida. Unaingia saa 11 alfajiri unatoka saa 4 usiku, tangazo la nafasi yako limetoka na kufungwa hujaliona. Ukitoka, wa mkataba anatoka na pikipiki iliyochoka, wa hesabu anatoka kama alivyoingia. Mwenye biashara anatoka na wateja na uzoefu, kwahiyo mimi kati ya boda na genge, mtaji ukiruhusu nachagua genge.

Inamfaa mwenye watoto wanaokula leo, na mwenye lengo la kukusanya mtaji wa kitu kingine. Weka kiasi pembeni kabla ya chakula cha mchana, ukisubiri jioni haibaki.

Sasa wewe uko wapi

Una fani inayotafutwa (hesabu, sayansi, afya, umeme) na kwenu unakaa bure: omba, jitolee kwa mda uliojipangia, weka simu karibu. Deiwaka za wikiendi hazikuharibii kitu.

Una digrii ya fani iliyojaa na umeshaomba mwaka mzima hujaitwa hata usaili: tatizo lako ni la kimuundo, endelea kuomba ila anza kozi fupi au gereji sasa hivi, hizo mbili hazigombani.

Una familia na hujui kesho mnakula nini: boda au genge wiki hii, mengine baadaye. Ukiweza, boda ya mkataba kuliko ya hesabu.

Kwenu kuna ardhi imelala na una mtu wa kukulisha miezi minne: viazi au mpunga nusu heka kwanza ujifunze madalali. Parachichi chache pembeni haziumi.

Umepunguzwa kazi kwenye mradi au kampuni: usikurupuke kumwaga kiinua mgongo chote shambani. Kama ulichangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, angalau miezi 18 na hukuacha kazi mwenyewe, kuna fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, inatosha kukupa mda wa kuomba kwingine bila presha. Nenda ofisini kwao na barua ya kuachishwa kabla hujaenda kuangalia shamba la kukodi.